Mto Uliochorwa kwa Masikio

Mwanzoni mwa 1685 meli za Kifaransa zilitia nanga kwenye pwani ambayo leo ni ya jimbo la Texas. Kiongozi wa msafara akawaambia watu wake kwamba mdomo wa Mississippi uko papo hapo au jirani. Hakuwa mgeni wa mto ule. Miaka mitatu kabla yake, René-Robert Cavelier de La Salle alikuwa ameuteremka kwa mitumbwi hadi unapomwagika katika Ghuba ya Meksiko. Tarehe 9 Aprili 1682 alisimamisha nguzo na msalaba, akazika bamba la risasi, na karani wa sheria aliyesafiri naye akaandika hati kwamba nchi yote inayopeleka maji katika mto huo na matawi yake kuanzia siku hiyo ni ya Mfalme Louis XIV. Sasa amerudi kwa njia ya bahari, na mto haupo. Aliukosa kwa zaidi ya kilomita 600.

Kisa hiki husimuliwa kama mkosi wa mabaharia. Pwani ilikuwa na ukungu, nahodha hakuelewana na kiongozi, vyombo vya kupimia vilikuwa duni. Yote hayo yalikuwepo. Lakini nadhani yanaficha jambo kubwa zaidi kuhusu namna Wazungu walivyouchora mto huu. Ramani za mwanzo za Mississippi hazikutokana sana na kuona, wala na kupima. Zilitokana na kuuliza. Mtu aliyesimama ukingoni aliona maji yaliyo mbele yake na kona inayofuata, basi. Mto unatoka wapi, unaishia wapi, nani anakaa huko chini, ni mwendo wa siku ngapi, hayo yote aliambiwa. Alipomsikiliza mwenyeji, alichora kitu kinachofanana na nchi yenyewe. Alipoisikiliza tamaa yake, watu walikufa.

Wahispania ndio waliotangulia kuufikia. Mwaka 1528 mabaki ya msafara wa Pánfilo de Narváez yaliambaa pwani ya ghuba kwa mashua za kuungaunga, na njiani yakakuta maji matamu yakiingia baharini kwa nguvu ya kuwasukuma mbali na nchi kavu. Miongoni mwao alikuwemo Estevanico, mtumwa kutoka Azemmour nchini Moroko, mmoja wa watu wanne tu waliofika Meksiko wakiwa hai mwaka 1536 kwa njia ya bara. Kwa hiyo Mwafrika alipita mdomoni mwa Mississippi miaka 145 kabla ya Wafaransa ambao vitabu vya shule vya Marekani huwapa sifa ya kuufungua. Hakuchora ramani, na hakuna aliyemwomba.

Kisha akaja Hernando de Soto. Alishuka Florida mwaka 1539 akiwa na watu wapatao 600, farasi, na nguruwe wa kula njiani. Mei 1541 akaufikia mto. Mreno mmoja aliyekuwemo msafarani aliandika kwamba mtu akisimama ng'ambo ya pili hujui ni mtu au ni kitu kingine. Walipokuwa wakiunda mashua za kuvukia, ilikuja mitumbwi 200 iliyojaa wapiganaji wenye manyoya na ngao, na mtawala wao ameketi chini ya kivuli cha turubali nyuma ya chombo. Huo haukuwa mto wa porini. Ilikuwa barabara kuu ya nchi yenye miji, yenye jeshi la majini, na yenye watu waliojua nani anatawala kila kona ya maji.

De Soto hakuwa muulizaji. Alikuwa mtekaji wa viongozi: alimshika chifu wa mji mmoja amwongoze hadi mji wa pili, na kila mateka alijifunza haraka kwamba jibu zuri kuliko yote ni kusema dhahabu ipo, ila iko mbele, mbali na kwetu. Hii ni sababu mojawapo ya njia yake kuonekana kama ya mlevi ukiifuatilia leo. Alipopeleka ujumbe kwa mtawala wa Quigualtam kwamba yeye ni mwana wa jua na anataka kutiiwa, jibu lilikuja kavu: kama ni mwana wa jua, basi aukaushe huu mto mkubwa, hapo ataaminiwa. De Soto alikufa kwa homa tarehe 21 Mei 1542. Askari wake, kwa kuogopa wenyeji wasijue kwamba asiyekufa amekufa, wakauzamisha mwili wake katika mto uleule alioshindwa kuukausha. Mwaka uliofuata waliobaki waliunda mashua saba na kukimbilia baharini, mitumbwi ya Quigualtam ikiwafukuza na kuwapiga mishale.

Waliosalia, kama 300, walifika Meksiko, na habari zao zikageuka wino. Upo mchoro wa miaka ya 1540, uliopatikana katika karatasi za mwanajiografia wa kifalme Alonso de Santa Cruz, unaoonyesha mito mingi ikishuka kutoka safu ya milima na kuingia katika ghuba kubwa ya Roho Mtakatifu. Mwaka 1584 Abraham Ortelius wa Antwerp alichapisha ramani ya Florida yenye sura hiyohiyo. Ulaya ikanakili, ikanakili tena. Kwa karibu miaka mia moja mto mkubwa kuliko yote ya bara lile ulikuwa kwenye karatasi kama mmoja wa vijito kadhaa, mfupi, na mdomo wake ndani ya ghuba ambayo haipo namna ile. Msomaji aishike ghuba hiyo, maana ndiyo itakayomwangamiza La Salle.

Tofauti ya Padri Jacques Marquette ni kubwa, na nadhani haijapewa uzito wake. Mjesuiti huyu hakuanza kwa kupanda mtumbwi. Alianza kwa kukaa misheni kwenye Ghuba ya Chequamegon, kusini mwa Ziwa Superior, ambako watu wa taifa la Illinois walifika kufanya biashara na kumweleza juu ya mto mpana waliouvuka kuja kwake. Kijana mmoja wao akamfundisha lugha. Baadaye, kabla ya kuondoka na Louis Jolliet, mfanyabiashara wa ngozi mzaliwa wa Quebec, waliwahoji wenyeji waliowahi kufika huko na, kwa maelezo ya Marquette mwenyewe, wakachora ramani ya nchi yote ile mpya kutokana na maneno yao, pamoja na mito ya kupita na majina ya mataifa watakayokutana nayo.

Yaani ramani ilitangulia safari. Hilo ndilo jambo ambalo sanamu za mashujaa waliosimama kwenye ncha ya mtumbwi, mkono juu ya macho, haziwezi kulionyesha.

Waliondoka misheni ya Saint-Ignace tarehe 17 Mei 1673, watu saba katika mitumbwi miwili ya gome la mti, wakiwa na mahindi na nyama kavu. Mto Fox ulipowafikisha kwenye mabwawa yaliyofunikwa na mpunga mwitu hata mkondo hauonekani, vijana wawili wa taifa la Miami waliwaongoza hadi mahali pa kubeba mitumbwi mabegani, hatua 2,700 kwa hesabu ya Marquette, kutoka maji yanayoelekea Maziwa Makuu hadi maji yanayoelekea kusini. Hatua zile chache ndizo ufunguo wa bara zima, na hakuna aliyezibahatisha: zilikuwa zimekanyagwa kwa vizazi. Tarehe 17 Juni wakaingia Mississippi.

Walisafiri siku nane bila kumwona mtu. Hapo inafaa kusimama. Mahali ambapo Wahispania wa 1541 waliona mitumbwi 200 palikuwa mbali zaidi kusini, kwa hiyo si haki kulinganisha mguu kwa mguu. Hata hivyo, Wafaransa walipofika sehemu zile hawakukuta miji ya aina aliyoiona de Soto. Katikati ya safari hizo mbili ilipita miaka 130 ya maradhi yaliyotoka ng'ambo, vita na kuhama. Ramani za Wafaransa zina nafasi nyingi tupu, na warithi wao walizisoma nafasi hizo kana kwamba hapakuwahi kukaa mtu.

Watu wa Illinois waliwapokea, wakawalisha, wakawapa kiko cha amani na mtoto wa kuwahudumia. Kiko kile kilikuwa hati ya kusafiria. Huko chini, katika kijiji cha Mitchigamea, rungu lilikuwa limeshatupwa na vijana wameshaingia majini kuwakamata walipoona kiko kimeinuliwa, wazee wakawatuliza. Kufikia vijiji vya Quapaw karibu na mdomo wa mto Arkansas, Marquette alimpata kijana anayejua lugha ya Illinois, akauliza maswali yake. Je, bahari iko mbali? Siku kumi, akajibiwa. Lakini huko kuna maadui wenye bunduki. Marquette, mtu mwangalifu kwa kawaida, hapo alishindwa kujizuia: akapunguza siku zile, na mwisho akaandika kwamba bahari haiwezi kuzidi mwendo wa siku mbili au tatu. Zilikuwa zimebaki karibu kilomita 900 za mto. Wenyeji walikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko msomi aliyewakata maneno.

Tarehe 17 Julai wakageuka, wakihofia kuangukia mikononi mwa Wahispania. Tayari walikuwa na jibu walilotumwa kulitafuta. Paris na Quebec zilitaka mto huu uelekee magharibi, hadi bahari iliyopo nyuma ya California, na kutoka hapo China. Mto ulielekea kusini tu. Marquette alikubali aliloliona, lakini tumaini lenyewe hakulitupa: alilihamishia kwenye Missouri, mto ambao ulimtisha pale ulipoingia kwa kishindo ukibeba miti mizima. Huko, akaandika, huenda ndiko njia ya bahari ya magharibi iliko. Tumaini hilo liliishi miaka 130 zaidi, na bado lilikuwa hai wapelelezi wa Marekani, Lewis na Clark, walipopanda Missouri mwaka 1804.

Ramani aliyoichora Marquette kwa mkono wake bado ipo. Nikiambiwa nichague hati moja tu ya historia hii, nitaichagua hiyo. Mto unashuka, unapokea matawi yake, kisha chini kidogo ya Quapaw unakatika. Hakuuendeleza kwa kubuni. Na upande wa magharibi, ambako hakuwahi kukanyaga, ameandika majina ya mataifa: Osage, Kansa, Omaha, Otoe, Pawnee na mengine kwa tahajia yake. Hayo ni majina aliyoambiwa tu, na yalikuwepo kweli. Nusu ya ramani ile ni macho ya padri, nusu ni ushuhuda wa watu ambao hatujui majina yao, na nusu hiyo ya pili haiko nyuma kwa usahihi.

Ya Jolliet ilikuwa na bahati mbaya. Mwaka 1674, akiwa amebakiza maporomoko ya mwisho kabla ya Montreal, mtumbwi wake ulipinduka. Sanduku lenye ramani na shajara likaenda na maji, wakafa wenzake wawili na yule mtoto aliyepewa na chifu wa Illinois. Jolliet aliichora upya ramani kwa kumbukumbu, na kwa mtoto yule aliandika barua za majonzi. Alikuwa mwepesi wa kujifunza, akasema, na alikuwa ameanza kusoma Kifaransa.

Sasa tumrudie La Salle. Yeye hakukosa ujasiri. Msafara wake wa 1682 ulikuwa na Wafaransa zaidi ya 20 na wenyeji karibu 30, wakiwamo wanawake na watoto, na ulifika baharini bila vita kubwa. Kosa lilianzia kwenye hesabu. Umbali wa kaskazini na kusini, yaani latitudo, ulipimika kwa kutazama kimo cha jua adhuhuri, na vipimo vyake vya mdomo wa mto viliangukia kati ya nyuzi 27 na 28, wakati ukweli ni karibu 29. Umbali wa mashariki na magharibi, longitudo, haukupimika kabisa ukiwa ndani ya mtumbwi, kwa sababu unahitaji saa ya kuaminika na hapakuwa na saa inayostahimili safari. Katika miaka ileile wanafalaki wa Paris walipoipima pwani ya Ufaransa yenyewe kwa kutumia miezi inayoizunguka sayari ya Jupita, walikuta ramani za zamani zimeitanua nchi yao kuelekea magharibi. Ikiwa Brittany, rasi ya magharibi ya Ufaransa, ilikuwa imewekwa mahali pasipo pake, tusishangae kuhusu Louisiana, kama Wafaransa walivyoiita nchi ya Mississippi.

Kwa hiyo La Salle alikuwa na uzi mmoja wa kipimo, tena mbovu. Pengo lililobaki alilijaza kwa vitu viwili. Cha kwanza ni karatasi za zamani. Ramani zilizotokana na de Soto zilisema mto mkubwa wa Wahispania unaishia ndani ya ghuba kubwa. Yeye aliona mdomo uliogawanyika mara tatu na kusogea baharini kama kidole, ghuba hakuiona. Akahitimisha kwamba huu ni mto mwingine, ulioko magharibi zaidi. Kosa la miaka mia moja iliyopita likazaa kosa jipya kwa mantiki safi kabisa.

Cha pili ni Paris. Ufaransa na Hispania zilikuwa vitani mwaka 1683 na 1684, na baraza la mfalme lilikuwa na hamu ya koloni karibu na migodi ya fedha ya kaskazini mwa Meksiko. Ramani ya Jean-Baptiste Franquelin ya 1684 inauonyesha Mississippi ukipinda kwa nguvu kuelekea magharibi na kumwagika pwani ya Texas, jirani kabisa na fedha hiyo. Wanahistoria wamebishana kama La Salle alikosea au alidanganya ili apewe meli. Kwa maoni yangu mjadala huo umewekwa vibaya. Kosa linalokupa meli nne na kibali cha mfalme halina sababu ya kukaguliwa. Huhitaji kudanganya, inatosha usiulize mara ya pili.

Aliondoka La Rochelle tarehe 24 Julai 1684 na watu karibu 300. Majuma matatu baadaye Ufaransa na Hispania zikatia saini mapatano ya kusitisha vita, na nusu ya sababu za safari ikafa wakiwa baharini. Meli moja ilitekwa na Wahispania kwenye visiwa vya Karibi. Ya pili, L'Aimable, ilipanda fungu la mchanga pale Matagorda ikiwa na shehena. Ya tatu, Le Joly, ilikuwa ya jeshi la mfalme na ikarudi Ufaransa. Ya mwisho, La Belle, ilizama mwaka 1686 kwa dhoruba. Walowezi wakakaa kwenye ngome ya mbao wakifa kwa njaa, maradhi na ugomvi na Wakarankawa, wenyeji wa pwani ile, huku La Salle akizunguka kwa miguu kuutafuta mto wake. Machi 1687 watu wake wenyewe wakampiga risasi. Muda si mrefu ngome nayo ikavunjwa, wakabaki watoto wachache waliochukuliwa na Wakarankawa.

La Belle ilipatikana mwaka 1995 chini ya maji yenye kina kifupi. Wanaakiolojia wa Texas walijenga ukuta wa chuma kuizunguka, wakayanyonya maji, wakachimba kama walio nchi kavu. Walitoa vitu zaidi ya milioni moja, sehemu kubwa ikiwa shanga ndogo za kioo: bidhaa za kuwanunulia urafiki watu wa mto ambao meli haikuufikia.

Wakati huohuo uongo mwingine ulikuwa unachapishwa. Mtawa Louis Hennepin, ambaye kweli alifika sehemu za juu za mto mwaka 1680 na kuyapa maporomoko ya Minneapolis ya leo jina la Mtakatifu Antoni, alitoa kitabu mwaka 1697 akidai kwamba alifika hadi baharini kabla ya La Salle. Ukipiga hesabu ya tarehe zake, alikwenda na kurudi zaidi ya kilomita 3,500 kwa kasia, nusu yake akipinga mkondo, katika muda wa mwezi mmoja hivi. Watu walinunua kitabu. Mwaka 1703 Baron de Lahontan naye akaleta Mto Mrefu unaotoka magharibi na kuingia Mississippi, pamoja na mataifa ya kupendeza kando yake. Mto huo haupo, lakini ulikaa kwenye ramani za watu makini kwa miaka, kwa sababu ulielekea kule kila mtu alikotaka mto uelekee.

Mdomo wa Mississippi ulipatikana tena kutoka baharini mwaka 1699. Pierre Le Moyne d'Iberville aliuingia tarehe 2 Machi, akipenya katikati ya magogo na matope yaliyogandamana hadi kufanana na miamba. Lakini atajuaje kwamba ni wenyewe? Maandishi ya watangulizi wake hayakulingana na alichokiona, na shajarani mwake anamlalamikia mtawa aliyedanganya. Ramani hazikumsaidia. Jibu lilitoka kwa chifu mmoja wa vijiji vya chini ya mto, aliyekuwa ameitunza barua kwa takriban miaka 13. Iliandikwa na Henri de Tonti, msaidizi wa La Salle, aliyeteremka mto mwaka 1686 kumtafuta bwana wake, akamkosa, na kuiacha karatasi ile mikononi mwa wenyeji kwa matumaini kwamba atapita. Bienville, mdogo wake Iberville, ndiye aliyeipata. Wino wa Kifaransa, hifadhi ya mwenyeji, na Ufaransa ikawa na uhakika na mto wake.

Baada ya hapo kazi ikahamia mezani. Guillaume Delisle, mwanafunzi wa mwanafalaki Cassini, hakuwahi kuvuka Atlantiki. Mwaka 1718 alichapisha mjini Paris ramani ya Louisiana na mkondo wa Mississippi ambayo iliongoza nyingine kwa miongo mingi. Alikusanya barua za mapadri, shajara za mabaharia, vipimo vya nyota, akavigonganisha kimoja na kingine kama hakimu anavyofanya na mashahidi wanaopingana. Alichora hata njia ya de Soto. Waingereza wa Carolina walikasirika, maana eneo lao lilikuwa limebanwa hadi ukanda mwembamba wa pwani, na wachoraji wa London wakajibu kwa ramani zao. Kumbe hata masikio mazuri yanaweza kumfanyia kazi mfalme.

Wenyeji nao walikuwa wachoraji. Ipo nakala ya Kiingereza ya ramani ya Wachickasaw ya karibu 1723, aliyopewa gavana wa South Carolina. Mataifa ni miduara, mikubwa na midogo, na kati yake zimepita njia; mito imo, ila imenyooshwa. Ukitaka kujua kona za Mississippi, haikusaidii. Ukitaka kujua nani rafiki wa nani, na njia ipi itakufikisha salama, ni hiyo tu.

Kosa lililodumu kuliko yote, hata hivyo, walilifanya watu ambao hawakuusogelea mto kabisa. Mwaka 1783, Uingereza na Marekani zilipokubaliana mipaka mjini Paris, ziliandika kwamba mpaka utakwenda hadi pembe ya kaskazini magharibi ya Ziwa la Woods, kisha moja kwa moja magharibi hadi Mississippi. Walikuwa na ramani ya John Mitchell ya 1755 mezani. Mchoraji yule, kwa kubana nafasi, alikuwa ameweka picha ndogo ya Ghuba ya Hudson kwenye kona, juu kabisa ya sehemu ambayo chanzo cha mto kingepaswa kuonekana. Wajumbe wakadhani mto unaendelea kupanda chini ya picha ile. Ni sawa na ndugu wanaogawana kiwanja kwa mchoro ulioangukiwa na kikombe cha chai, kila mmoja akijiaminisha kwamba chini ya doa kuna jiwe la mpaka.

Ukitoka pembe ile kwenda magharibi hukutani na Mississippi hata ufike Pasifiki. Chanzo chake kiko kusini, zaidi ya kilomita 200. Mkataba uleule uliwapa Waingereza haki ya kusafiri mto huo kutoka chanzo hadi bahari, kwa hiyo suala halikuwa la kitaaluma. Kufikia mkataba wa 1794 pande zote zilikiri kwamba hazijui mto unafika wapi. Mwaka 1798 David Thompson wa Kampuni ya North West alipita huko akipima kwa nyota, akakikaribia chanzo, akakitaja ziwa la jirani. Zebulon Pike akataja lingine, Lewis Cass lingine, Mwitaliano Beltrami lingine tena mwaka 1823.

Mwaka 1832 Henry Schoolcraft alifanya walichokifanya Marquette na Jolliet: alimwomba mtu anayepajua. Ozawindib, kiongozi wa Waojibwe, alimchorea ramani, akamtafutia mitumbwi midogo inayofaa vijito vile, akamvusha kinamasi na kumshusha Julai 13 kwenye ziwa ambalo watu wake walikuwa wakiliita Ziwa la Kulungu, na wafanyabiashara wa Kifaransa wakiliita hivyohivyo kwa lugha yao. Schoolcraft akalipa jina alilolitunga mwenyewe, Itasca, na hilo ndilo lililobaki. Jina la Ozawindib unalikuta katika ripoti yake, na ni haki kusema Schoolcraft hakulificha. Waliolisahau ni waliofuata.

Mpaka haukuweza kufuata mto usiokuwepo. Mwaka 1818 ukarekebishwa: kutoka ile pembe ya ziwa mstari ushuke kusini hadi nyuzi 49, ndipo uelekee magharibi. Mstari huo wa kushuka ulikikata kipande cha nchi kavu ambacho hadi leo ni cha jimbo la Minnesota lakini kimezungukwa na Kanada na maji ya ziwa. Wanafunzi wa sekondari wanaokaa huko husafiri kwa gari hadi mji wa Warroad, wakipita ardhi ya Kanada, na hivyo kuvuka mpaka wa kimataifa mara mbili kwenda shule na mara mbili kurudi.